UZI: Wakili si wa mahakamani tu. Ukimfuata baada ya kusaini, umechelewa

#1 Karani wa Zamani (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Nimekaa miaka 12 kwenye meza ya mapokezi ya ofisi ya mawakili. Mimi si wakili na sijawahi kuwa. Kazi yangu ilikuwa kupokea wateja, kugonga mihuri, kupanga majalada na kukimbiza nyaraka masijala ya mahakama kabla dirisha halijafungwa. Kwa hiyo msije kesho mkasema "Karani alisema". Sheria za nchi zinatofautiana, na kila kesi ina mambo yake.

Baada ya miaka michache pale nilizoea kumtazama mtu mikono kabla sijamsalimia. Aliyeshika karatasi ambayo bado haijasainiwa nilimkaribisha kwa moyo mweupe. Aliyeshika bahasha iliyokunjwa mara nne, imekaa mfukoni mpaka pembe zimechakaa, nilijua swali la kwanza atakaloulizwa huko ndani: "Hii ulipokea lini?" Na nilijua jibu litaanza na, "Sasa hapo, mheshimiwa, kuna maelezo kidogo."

Wengi niliowaona wakitoka wameinamisha kichwa walikuwa na haki yao, tena ya wazi, yenye mashahidi. Walichelewa tu. Walidhani wakili ni mtu wa kumfuata kesi ikishaanza, kama vile zimamoto. Kumbe kazi yake nzuri zaidi ni ile ambayo hakuna atakayeisikia, kwa sababu kesi haikutokea.

Hivyo sitawajazia vifungu vya sheria. Nataka tuongelee nyakati tatu ambazo mtu akiwa peke yake huharibu: anaposhika kalamu, anapofungua mdomo, na anapoacha siku zipite.

Tuanze na kalamu. Uingereza kuna kesi ya mwaka 1934 ambayo wanafunzi wa sheria huisoma mpaka leo, L'Estrange dhidi ya Graucob. Mama mmoja mwenye mgahawa aliagiza mashine ya kuuzia sigara. Alisaini fomu ya oda bila kuisoma. Masharti yalikuwa kwa herufi ndogo mno kwenye karatasi ya rangi ya kahawia. Mashine ikaanza kugoma muda mfupi baada ya kufungwa. Akashtaki. Kesi ilipofika mahakama ya juu akaambiwa kwamba humo kwenye herufi ndogo alikubali muuzaji asiwajibike, na kutosoma si utetezi. Mtu akisaini bila kudanganywa wala kulaghaiwa, amefungwa na alichosaini. Siku hizi nchi nyingi zina sheria za kumlinda mlaji zinazofuta masharti ya kionevu, lakini msingi ule haujang'oka, na mara nyingi sheria hizo zinamlinda anayenunua kwa matumizi yake mwenyewe, si mfanyabiashara.

Karatasi ninazosema usisaini peke yako wala si nyingi. Udhamini wa mkopo wa mtu mwingine. Ununuzi wa ardhi au nyumba. Karatasi ya kuacha kazi "kwa makubaliano". Fomu ya bima baada ya ajali inayosema malipo haya ni ya mwisho na huna dai jingine. Hii imeliza watu, maana mtu anasaini mguu ungali na bandeji, halafu miezi sita baadaye daktari anamwambia goti halitarudi kama zamani. Na hati ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kusaini kwa niaba yako. Hiyo ya mwisho, kama mnaaminiana sana, ndiyo hasa iandikwe na wakili, kwa kuwa wakili ataiwekea mpaka: mamlaka ni ya shamba lile moja, si ya kila unachomiliki.

Ukiambiwa "saini hapa, ni utaratibu tu", jibu rahisi ni: "Naomba nakala, nitairudisha kesho kutwa." Kisha mwangalie usoni anayekuharakisha. Utajifunza mengi kuliko yaliyo kwenye mkataba.

Sasa siku, na hapa ndipo pananiuma zaidi. Kila dai lina ukomo wake wa muda. Ukipita, mwenzako hahitaji kuthibitisha kwamba hakukosea. Anasema tu "umechelewa", na mara nyingi shauri linaishia hapo. Na muda wenyewe haulingani hata kidogo. Mfanyakazi wa Ujerumani anayepinga barua ya kuachishwa kazi ana wiki 3 tu za kufungua shauri tangu aipokee. Tanzania ni siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kenya ni miaka 3. Ukija kwenye madai mengine, kule Uingereza mkataba uliovunjwa ni miaka 6, aliyeumizwa kwa uzembe ni miaka 3, aliyekashifiwa ni mwaka 1 tu. Sasa mtu anasoma mtandaoni "una miaka mitatu", anatulia zake, kumbe aliyeandika yuko nchi nyingine kabisa.

Msidanganyike na mazungumzo pia. Mwajiri au kampuni ya bima inakupigia: "Tunalishughulikia, tupe wiki mbili." Wiki mbili zinazaa wiki mbili nyingine. Ziko nchi ambazo mazungumzo ya namna hiyo husimamisha hesabu ya siku, na ziko ambazo hayasimamishi chochote mpaka pande zote ziandikiane. Nilishaona mtu amebembelezwa kwa simu mwaka mzima, na siku iliyofuata baada ya ukomo kupita ile namba haikupokelewa tena.

Na ukiwa wewe ndiye mdaiwa, siku ni chache zaidi, ila zimeandikwa kwenye karatasi yenyewe. Usipojibu, mahakama inaweza kutoa hukumu ya upande mmoja. Kuanzia hapo hubishanii deni tena. Unabishania kwa nini hukuja.

Hilo la mdomo nimeliacha makusudi, najua litaulizwa. Naomba kuwasilisha. Mawakili mliomo humu nisahihisheni.

#2 Mpita Njia

Mkuu umeandika kitabu kizima 😂 Haki ni ya mwenye hela. Wakili anakuchaji hata kwa kusalimiana. Mimi kuna jamaa waliniletea makaratasi yao nikayaweka chini ya godoro. Watachoka wenyewe.

#3 Kalamu Nyekundu

Nimesoma yote, asante mkuu. Swali langu: polisi akikupigia simu "njoo kituoni uandike maelezo tu, dakika kumi", hapo nako wakili? Si nitaonekana nina hatia?

#4 Karani wa Zamani

Mpita Njia, hilo la godoro tutalirudia. Hayo makaratasi yana muhuri?

Kalamu, swali lako ndilo lile nililolisubiri. Ukipigiwa, uliza kwa upole: naitwa kama shahidi au kama mtuhumiwa? Mara nyingi jibu litakuwa la kuzungukazunguka, na hilo nalo ni jibu. Ukifika uliza tena kama uko huru kuondoka. Ukiambiwa hapana, basi umezuiwa, na mtu aliyezuiwa ana haki zake. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ambao nchi nyingi sana duniani zimeuridhia, unasema aliyekamatwa aambiwe sababu papo hapo. Anayeshtakiwa awasiliane na wakili aliyemchagua mwenyewe, apewe mkalimani bure kama haelewi lugha ya mahakama, na asilazimishwe kujishuhudia mwenyewe wala kukiri kosa. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2008, katika kesi ya Salduz dhidi ya Uturuki, ilikwenda mbali zaidi: kijana wa miaka 17 alihojiwa bila wakili na maneno yake yakatumika kumtia hatiani. Mahakama ikasema kwa kawaida wakili anatakiwa apatikane tangu mahojiano ya kwanza.

Kuonekana una hatia? Wenye hatia na wasio na hatia wote huongea mno kituoni, hilo nawaambia. Asiye na hatia ndiye anayeongea zaidi, maana anataka yaishe arudi nyumbani. Anakisia saa, anakisia tarehe, anakosea jambo dogo. Baadaye kosa lile dogo linasomwa mahakamani kama uongo.

Ila kunyamaza nako kuna namna yake. Marekani, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2010 kwamba mtu lazima atamke kuwa anatumia haki yake ya kunyamaza. Kukaa kimya tu saa nzima hakutoshi. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1994, ukikaa kimya polisi kisha ukaibuka mahakamani na utetezi ambao ungeweza kuusema siku ile, mahakama inaweza kukutilia shaka. Unaona jinsi ushauri wa "nyamaza tu" ulivyo nusu? Ndiyo maana sentensi ninayoipenda mimi ni hii: "Nitatoa maelezo wakili wangu akiwepo." Iseme mara moja, kwa adabu, kisha kweli usiongee. Hata habari za mpira usiongee. Usidanganye, usisukumane na mtu, na usisaini maelezo ambayo hujayasoma mwanzo hadi mwisho. Pakiwa na neno ambalo hukulisema, omba lirekebishwe kabla ya saini.

Na msiamini sana filamu. Jina la Miranda linajulikana kwa sababu ya yale maonyo wanayosoma polisi wa Marekani. Ernesto Miranda alisaini maungamo baada ya kuhojiwa kama saa mbili, na mwaka 1966 Mahakama ya Juu ikayakataa. Wasichosimulia ni kwamba alishtakiwa upya, maungamo hayakutumika, na bado akatiwa hatiani kwa ushahidi mwingine.

Aliye ugenini aongeze moja: ukikamatwa nchi isiyo yako, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mambo ya kibalozi unakupa haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe. Uombe. Ubalozi si wakili wako, lakini wanaweza kuwa na orodha ya mawakili, na nyumbani watajua uko wapi.

#5 Mama Daftari

Mimi wakili wangu alikula hela za kesi akazima simu. Kwa hiyo ukisema "tafuta wakili" mwili unanisisimka. Tuambie kwanza jinsi ya kumjua aliye wa kweli.

#6 Karani wa Zamani

Pole dada. Na una haki ya kusisimka.

Kuna orodha. Karibu kila nchi mawakili wameandikwa kwenye daftari rasmi, na wengi hulazimika kuhuisha leseni yao kila mwaka. Jina lisiloonekana humo si la wakili, hata kama ofisi ina zulia na vitabu vyenye migongo ya dhahabu. Hiyo ni dakika tano za kazi na watu hawaifanyi.

Kisha maandishi. Kabla hujatoa hela, mpatane kwa karatasi: anafanya nini hasa, anaishia wapi (hukumu ya kwanza au mpaka rufaa?), ada ni kiasi gani na inalipwa kwa awamu zipi, gharama za mahakama zimo au haziko, na pesa zikilipwa na upande wa pili zitapitia akaunti gani. Hapo kwenye akaunti ndipo wengi wanapoumia. Pesa ya mteja inatakiwa kukaa mbali na pesa ya ofisi. Kila ukilipa, risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe jina lako lenyewe linatosha.

Siku ya kwanza muulize: "Udhaifu wa kesi yangu ni upi?" Wakili mzuri atakujibu, tena pengine kwa maneno yatakayokuuma. Anayekuhakikishia ushindi, inuka uage. Hakuna anayejua hakimu atasema nini. Kadhalika usikubali wakili mmoja awahudumie wewe na unayegombana naye "ili kupunguza gharama". Mkiwa mnaachana na mwenza wako, au mnagawana mirathi, wakili mmoja hawezi kuwapigania wote wawili. Na aliyekuzimia simu, dada, karibu kila nchi ina chombo cha nidhamu cha mawakili kinachopokea malalamiko. Peleka risiti ulizo nazo. Jalada la kesi unaweza kulidai na kumpa wakili mwingine, ingawa baadhi ya nchi humruhusu kulizuia kwanza kama bado unamdai... samahani, kama bado anakudai ada.

Sasa niwaseme na wateja kidogo, maana niliwaona. Mteja anamdanganya wakili wake mwenyewe! Anaficha barua moja kwa sababu "inaniharibia". Barua ile upande wa pili wanayo, na siku wanapoitoa mahakamani wakili wako ndio kwanza anaiona. Mnayozungumza na wakili ni siri inayolindwa na sheria, huwezi kusema hivyo kuhusu rafiki, binamu wala mtu wa dukani. Haimlindi anayeomba msaada wa kutenda kosa jipya, hilo lieleweke. Na siri hiyo ni nyepesi kuvunjika: ukiingia na jirani ili akusindikize, au ukituma ushauri wa wakili kwenye kundi la ukoo, katika nchi nyingi unaweza kuwa umeitoa siri mwenyewe.

#7 Mpita Njia

Muhuri upo, wa bluu. Lakini bado hujajibu hoja yangu. Asiye na hela afanyeje?

#8 Karani wa Zamani

Ni hoja ya kweli, sitaikwepa.

Kwenye jinai kuna ahueni. Ule mkataba wa 1966 unasema mshtakiwa asiye na uwezo apewe wakili bila malipo pale haki inapohitaji hivyo. Marekani jambo hili lilikaa sawa kwa sababu ya mfungwa mmoja wa Florida, Clarence Earl Gideon. Alishtakiwa mwaka 1961 kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool. Aliomba wakili, jaji akamkatalia, akajitetea mwenyewe, akapigwa miaka 5. Akiwa gerezani aliandika ombi kwa penseli kwenda Mahakama ya Juu. Mwaka 1963 majaji wote walikubaliana naye. Kesi ikarudiwa, safari hii ana wakili aliyejua jinsi ya kumhoji shahidi mkuu, na baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru baada ya kama saa moja tu. Mtu yuleyule, tuhuma ileile. Mimi huwa nawatajia hii wanaosema "ukweli utajitetea wenyewe".

Kwenye madai hali ni ngumu zaidi, kwa sababu haki ya wakili wa bure mara nyingi haivuki kwenda huko. Kuna mama wa Ireland, Johanna Airey, alitaka kutengana kisheria na mumewe na hakuweza kumudu wakili. Serikali ikasema hakuna aliyemzuia, angeweza kwenda mahakamani mwenyewe. Mahakama ya Ulaya mwaka 1979 ikaikataa hoja hiyo: haki inatakiwa iwe ya vitendo, si ya kwenye karatasi. Hata hivyo haikusema kila kesi ya madai ipate wakili wa serikali.

Kwa hiyo asiye na uwezo aanzie kwenye msaada wa kisheria. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2016, Tanzania ya mwaka 2017, na nchi nyingi zina vitu vya namna hiyo: ofisi za serikali, vyama vya mawakili, kliniki za vyuo vikuu, wasaidizi wa kisheria. Foleni ni ndefu na si kila shauri linapokelewa, hivyo usiende siku ya mwisho. Njia nyingine, na hii watu hawaijui, ni kumlipa wakili kwa kazi moja tu. Saa moja ya kukusomea mkataba. Barua moja ya madai. Si lazima umkabidhi kesi nzima. Barua moja yenye nembo ya ofisi ya mawakili nilishaiona ikilipisha deni la miaka miwili ndani ya wiki moja.

Na kuna mambo ambayo wakili humhitaji, niseme wazi hata kama wenye ofisi watanichukia. Deni dogo lenye maandishi. Bidhaa mbovu yenye risiti. Marekebisho ya jina kwenye cheti. Mahakama za madai madogo zimetengenezwa kwa ajili ya mtu wa kawaida. Ya Kenya kwa mfano inatakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Ukiwa na karatasi zako zimepangwa kwa tarehe na unaweza kueleza kisa chako kwa dakika tano bila kumtukana mtu, utafika. Ila upande wa pili ukija na wakili, au ukiona kinachogombewa ni nyumba, watoto, kazi au uhuru wako, hapo simama.

#9 Mtu wa Watu

Mkuu, shemeji ananiomba nimdhamini mkopo wa biashara. Afisa mikopo kasema "ni jina tu la kujazia fomu". Nikikataa ndoa itatikisika. Nisaidie.

#10 Karani wa Zamani

Jina tu! Kama lingekuwa jina tu wasingelihitaji.

Mikataba mingi ya udhamini inamruhusu mkopeshaji akufuate wewe moja kwa moja, bila hata kumaliza kwanza na mkopaji. Tafuta maneno "madeni yote ya sasa na yajayo". Yakiwepo, shemeji akilipa mkopo huu na kuchukua mwingine mkubwa zaidi mwakani, nao unaweza kuwa umeudhamini, ukiwa umelala. Tafuta kiwango cha juu cha dhamana. Tafuta tarehe ya mwisho. Tafuta kama watakujulisha akianza kuruka marejesho, maana wadhamini wengi hupata habari siku dalali anapogonga mlango.

Uingereza jambo hili liliumiza wake wengi waliodhamini biashara za waume zao, mpaka mwaka 2001 mahakama ya juu kabisa ya kule, katika kesi ya Etridge, ikazitaka benki zihakikishe mwanamke wa namna hiyo amepata ushauri wa wakili kabla hajasaini, mume akiwa hayupo chumbani. Zingatia hilo la mume kutokuwepo. Basi fomu hiyo mpelekee wakili wako wewe, si wa benki wala wa shemeji. Na nyumbani una kisingizio kizuri: "Wakili amekataa." Lawama zote abebe yeye, ndiyo kazi unayomlipia.

#11 Kalamu Nyekundu

Na hizi programu za akili bandia? Mimi nimeiuliza ikanipa mpaka namba za kesi.

#12 Karani wa Zamani

Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani hoja yenye kesi walizopewa na ChatGPT. Sita kati ya hizo hazikuwahi kuwepo duniani. Wakapigwa faini ya dola 5,000. Hao ni mawakili, wenye maktaba. Itumie kukueleza neno gumu au kukupangia maswali ya kumuuliza wakili, hapo inafaa sana. Namba ya kesi au idadi ya siku usiibebe bila kuihakiki kwenye sheria yenyewe.

#13 Mpita Njia

Karani, nimenyanyua godoro.

Kimeandikwa "wito kwa mdaiwa", chini kuna "unatakiwa kuwasilisha utetezi wako wa maandishi ndani ya siku 21". Ni ile pikipiki niliyomsainia jamaa dukani. Mimi hata sijawahi kuipanda.

#14 Karani wa Zamani

Uliipokea lini?

#15 Mpita Njia

Sasa hapo mkuu kuna maelezo kidogo.

#16 Karani wa Zamani

Tarehe, ndugu yangu.

#17 Mpita Njia

Ni kama siku 17 au 18. Kijana aliyeileta alinisainisha kwenye kitabu chake, hivyo tarehe watakuwa nayo wao. Nimeipiga picha kurasa zote, pamoja na mkataba wa duka na ujumbe wote tuliotumiana na jamaa. Nakutumia inboksi sasa hivi unisomee.

#18 Karani wa Zamani

Usinitumie! Mimi si wakili, na utakayoniandikia mimi hayana ulinzi wowote. Huu ujumbe wako ufute pia kama unaweza, umeshaongea vya kutosha hadharani, ila zile za jamaa kwenye simu yako usifute hata moja, ni ushahidi.

Hesabu kwamba imefika siku ya 18. Kesho saa mbili asubuhi uwe mlangoni kwa wakili au ofisi ya msaada wa kisheria, iliyo karibu zaidi. Ukifika mapokezi usianze na habari ya pikipiki. Mwambie aliyekaa pale, "Nina wito, zimebaki siku tatu." Atainuka.